Kudaiwa si jinai

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maongezi haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze habari ya deni. Si deni la taifa, ambalo wakubwa wanalijua wenyewe, bali deni la mtu na mtu: la mchele, la mifuko ya saruji, la ng'ombe aliyechukuliwa leo alipwe baada ya mavuno. Katika mambo ya sheria ninayoulizwa na watu, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: "Fulani ananidai, ametishia kuniweka ndani. Anaweza?" Au kinyume chake: "Fulani amekula fedha yangu, nimekwenda polisi kuchukua RB, wamekataa. Wana haki?"

Anayesafiri kutoka Nzega kwenda Shinyanga atapita Tinde. Hapo ndipo barabara inapogawanyika. Moja inaendelea Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine inakata kushoto kwenda Isaka, Kahama, na mwisho wake mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo usiku na mchana. Mahali pa njia panda kama pale biashara kubwa hufanyika kwa mdomo tu. Ziba pancha ana madeni, mama ntilie ana madeni, na muuza mchele ndiye mwenye madeni kuliko wote, kwa sababu mchele unakwenda machimboni, na mchimbaji hula leo akalipa siku mwamba utakapojibu.

Hapo Tinde nilielezwa na mama mmoja muuza mchele mkasa ambao naamini wengi mmewahi kuuona kwenu. Alimpa kijana mmoja magunia kumi akayauze Mwakitolyo kwenye machimbo ya dhahabu, walipane baada ya wiki mbili. Kijana akayafikisha, akayakopesha kwa wachimbaji, nao wachimbaji duara lao halikutoa kitu. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Mama akashauriwa na jirani: nenda kituoni, sema ameiba. Kituo chenyewe sitakitaja, maana vya namna hiyo viko vingi. Kijana akakamatwa, akalala mahabusu siku tatu. Baba yake akauza dume la kulimia, akapeleka nusu ya fedha, kijana akatoka. Kesho yake akapotea, wanasema yuko Geita. Mama akaniuliza: "Sasa baba, hiyo nusu nyingine niipate wapi?"

Tazama hesabu hiyo. Mama kapata nusu, na mteja aliyekuwa akimnunulia magunia kumi kumi kampoteza. Mzee kapoteza dume msimu wa kulima unakaribia. Kijana kapoteza jina. Na kisheria siku tatu zile hazikuwa na msingi wowote.

Sheria zetu zinagawanya mashauri katika njia mbili, na njia hizo hazikutani hovyo hovyo. Kuna jinai, na kuna madai. Jinai ni kosa ambalo Jamhuri inalichukua kuwa limetendwa dhidi yake: kuiba, kupiga, kuua, kughushi. Hapo anayeshtaki ni Jamhuri, wewe uliyeibiwa ni shahidi tu, na mwisho wake ni kifungo au faini, au fidia ikiwa mahakama itaona inafaa. Madai ni ugomvi wa haki kati ya mtu na mtu: umeniahidi hukutimiza, umechukua hukulipa. Hapo anayeshtaki ni wewe mwenyewe, na mwisho wake ni amri ya kulipwa. Polisi wamewekwa kwa ajili ya jinai. Kazi ya kukusanya madeni hawakupewa, na askari anayejua kazi yake atakuambia hivyo hata kama utaudhika.

Basi, je, kula fedha ya mtu kamwe hakuwi jinai? La hasha. Kunaweza kuwa, na hapa ndipo penye utata unaowachanganya hata watu wenye elimu yao.

Liangalie hivi. Nikikukopesha shilingi laki tano, fedha ile tangu unapoipokea ni yako. Unaweza kununulia choroko, unaweza kulipia ada, unaweza hata kunywea pombe. Ninachobaki nacho mimi ni haki ya kulipwa kiasi hicho. Usipolipa hukuiba, maana mtu haibi kilicho chake, umevunja ahadi. Lakini nikikupa laki tano hiyo hiyo nikakuambia, "Chukua, unapopita Kahama mpe ndugu yangu," fedha ile haikuwa yako hata dakika moja. Wewe ni mjumbe. Ukiila ni wizi wa kuaminiwa, na Kanuni ya Adhabu inautambua kama wizi mwingine, tena kwa ukali zaidi. Fedha ya kukopa na fedha ya kutumwa zinafanana rangi tu.

Mlango wa pili ni udanganyifu. Mtu akikuambia uongo kuhusu jambo lililopo au lililokwisha kupita, na kwa ajili ya uongo huo ukampa mali yako, hilo ni kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, nalo lina kifungo kinachoweza kufika miaka saba. Kwa mfano, amekuonyesha ghala la mpunga akasema ni lake, kumbe ni la mwingine. Au amekuletea barua ya ajira ya kughushi. Lakini aliyesema "nitakulipa mavuno yakitoka," na mavuno hayakutoka, hakudanganya. Alitumaini, na mvua ikamwangusha. Ahadi ya kesho haiwi uongo kwa sababu kesho imekuja vibaya. Swali la kujiuliza, kwa hiyo, halihusu kama amelipa au hajalipa. Jiulize: siku ile aliponyoosha mkono kupokea, alikuwa amenidanganya nini?

Yule kijana wa mchele hakudanganya chochote. Alichukua magunia kwa makubaliano, akayapeleka alikosema, akayakopesha. Kama mama angesema hayo hayo kituoni bila kuongeza neno "ameiba", pengine angeelekezwa mahakamani. Na neno lile lina hatari yake. Kumpa askari taarifa unayojua kuwa ni ya uongo ili amkamate mtu, hilo lenyewe ni kosa la jinai. Anayekwenda kumfunga mdaiwa wake kwa uongo anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Tuseme umekwisha kamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka anayekukamata akuambie sababu. Inataka pia kwamba aliyekamatwa bila hati, asipopewa dhamana ya polisi, afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Deni la magunia kumi ya mchele halimo. Na dhamana haiuzwi. Mdhamini husaini kwamba utafika unapotakiwa. Hatoi fedha mezani zikaingia droo. Ukiambiwa utoe kitu kidogo ndipo utoke, hiyo si dhamana bali rushwa, na jina lake lisibadilishwe.

Watu huniuliza pia habari ya mkuu wa wilaya na zile saa arobaini na nane. Ni kweli, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa zisizozidi 48. Lakini uwezo huo umefungwa na sababu: awe ametenda kosa linaloweza kumpeleka mahakamani, au kuwe na hatari ya uvunjifu wa amani ambayo haizuiliki kwa njia nyingine. Deni la mtu binafsi haliingii humo, hata mdai awe na cheo gani.

Na huku kwetu Usukumani kuna sungusungu. Jeshi hili la jadi liliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na asiyejua hali ya siku zile asiwe mwepesi wa kuwalaumu. Mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria iliyowaingiza katika utaratibu wa mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata. Ila kukamata ni kumpeleka mtuhumiwa panapohusika. Kumtoza mtu ng'ombe kwa deni la jirani yake, au kuitisha mkutano na kuamuru kaya isiombwe hata moto wa kupikia mpaka ilipe, hiyo ni hukumu iliyotolewa na asiye hakimu.

Tukitoka kidogo nje ya nyumba yetu, tutaona kuwa kufunga watu kwa deni ni desturi ya zamani sana iliyowasumbua wengine kabla yetu. Waingereza waliojaza magereza yao wadaiwa ndio hao hao waliokuja kuachana na desturi hiyo, kwa sehemu kubwa, kwa sheria ya mwaka 1869. Baba yake mwandishi Charles Dickens alifungwa London mwaka 1824 kwa deni, na mtoto, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa tayari kibarua katika kiwanda cha kiwi ya viatu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mkataba. Wenzetu wa Kenya wamelijadili jambo hili kwa moto. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye tangu 2021 ni Jaji Mkuu wa nchi hiyo, aliutegemea mkataba huo kukataa mdaiwa kupelekwa gerezani, na majaji wengine baada yake hawakukubaliana naye.

Kwetu sheria haijafunga mlango kabisa. Yuko mtu anayeitwa mfungwa wa madai. Lakini tazama anavyofika gerezani: kwanza kuwe na kesi ya madai, kisha hukumu, kisha maombi ya kukazia hukumu, na mdaiwa apewe nafasi ya kujieleza. Akionyesha kuwa ni umaskini uliomshinda na si ukaidi wala kuficha mali, mahakama inaweza kukataa kumfunga. Akifungwa, muda wake hauwezi kupita miezi sita. Na hapa ndipo wadai wengi hupoa: gharama ya kumlisha huko ndani unalipa wewe mdai. Usipolipa, anatoka. Tena akimaliza kifungo deni lake halijafutika. Wako wachache wanaoona faida ya biashara hiyo.

Njia iliyo nyoofu, basi, ni Mahakama ya Mwanzo. Watu wanaiogopa pasipo sababu. Ni mahakama ambayo tangu zamani shughuli zake ni za Kiswahili, hata kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Huhitaji wakili. Unaweza hata kwenda huna karatasi ukaeleza dai lako kwa mdomo likaandikwa, ukalipa ada, ukapewa tarehe, na mwenzako akapelekewa samansi. Kwa deni linalotokana na mkataba, mahakama hii husikiliza madai ya hadi shilingi milioni thelathini. Mchele wa yule mama ungeingia humo na nafasi ikabaki.

"Lakini hatukuandikishana." Hilo nalo nalisikia kila mara. Sheria yetu ya Mikataba ilianza mwaka 1961, na karibu yote imetokana na sheria ya India ya mwaka 1872. Haikuweka sharti kwamba kila mkataba uwe wa maandishi. Maneno yanatosha, mradi wote wawili wawe na akili timamu na umri, wawe wamekubaliana kwa hiari, na kinachofanywa kiwe halali. Taabu ya mkataba wa mdomo ni kuuthibitisha. Ndiyo maana nasema: andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Tarehe, majina kamili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kulipa, sahihi au dole gumba la kila mmoja, na mashahidi wawili ambao si wakeze wala watoto wenu. Mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji unasaidia, ingawa mkataba hauwi batili kwa kukosa mhuri. Kila mmoja abaki na nakala. Nimeona watu wazima wakimwachia mdaiwa karatasi pekee iliyokuwapo, "akaisome nyumbani"!

Na siku hizi kuna simu. Ujumbe wa "dada nivumilie mpaka Ijumaa nitakumalizia ile laki tatu" ni ushahidi, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama inaupokea, ikithibitishwa kwamba ni wa kweli na umetoka kwa mhusika. Kadhalika taarifa za kutuma fedha kwa simu. Kwa hiyo usifute. Watu hufuta ujumbe wa mdaiwa kwa hasira, kumbe wanachana karatasi yao wenyewe.

Angalia pia muda. Dai la mkataba lina miaka sita tangu siku deni lilipostahili kulipwa. Ikipita hiyo mlango umefungwa, labda kama mdaiwa amekiri deni kwa maandishi kabla ya muda kwisha, maana hapo hesabu huanza upya. Lakini karatasi ya kukiri deni iliyosainiwa ndani ya mahabusu, huku mtu ametishiwa, ina kasoro. Makubaliano yaliyopatikana kwa shuruti yanaweza kukataliwa na yule aliyeshurutishwa.

Ukishinda, mahakama inaweza kuamuru mdaiwa alipe kwa mafungu. Hili wadai hawalipendi, lakini mimi naona ndilo linaloleta fedha mara nyingi kuliko vitisho: aliye nje anafanya kazi, aliye ndani anakula. Akikaidi, mali yake hukamatwa na kuuzwa kwa amri ya mahakama. Hapo napo sheria imeweka mipaka ya utu. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi ya familia, vifaa vya fundi vya kufanyia kazi, zana za mkulima, hivi havikamatwi. Cherehani ya fundi haiuzwi ili alipe deni la duka.

Nalitaja hilo kwa sababu ya watu wanaoitwa kausha damu. Wakopeshaji hawa wameenea mijini na vijijini, na mmewasikia: mkopo wa laki moja asubuhi, marejesho kila siku, na ukikosa siku mbili vijana wanne wanaingia sebuleni wanabeba televisheni, godoro na sufuria ikiwa na maharage ndani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni iliyo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Muulize leseni yake kabla hujasaini. Na kuingia nyumba ya mtu na kubeba vitu kwa nguvu bila amri yoyote si kukazia hukumu, maana hukumu yenyewe haipo. Hapo sasa mambo yamegeuka: hilo la sebuleni linaweza kuwa jinai, na hapo ndipo polisi wanapohusika.

Nyumba ya familia ina kinga yake zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama, ukiletewa karatasi usiku utie sahihi "ni ya kawaida tu", washa taa uisome.

Nimebakiwa na dakika chache, nizitumie machimboni, kwa kuwa Mwakitolyo, Kahama na Geita ndiko madeni mengi ya Tinde yanakoishia. Huko kuna desturi ya kufadhili duara. Mtu wa mjini anatoa fedha za chakula, magogo na mafuta ya jenereta, na mawe yakitoka wanagawana viroba kwa mafungu waliyokubaliana na mwenye leseni na wachimbaji. Duara likiwa kavu, mfadhili huja juu anadai fedha zake zote kama mkopo. Hapa uangalie mlikubaliana nini. Kama makubaliano yalikuwa kugawana kinachotoka, wewe hukukopesha, uliingia ubia. Ungepata viroba arobaini ungepokea fungu lako bila kurudisha ziada, na kisipotoka kitu hasara nayo ina fungu lako. Kama ulitaka fedha yako irudi dhahabu itoke isitoke, hayo ni mazungumzo ya siku ya kwanza, kabla ya kamba kushuka shimoni, na yaandikwe. Mashauri haya ni magumu kuamua kwa sababu kila upande hukumbuka maneno yaliyoufaa.

Na yule mama wa mchele, kwa kuwa wengine mtauliza: miaka sita haijapita. Anaweza kufungua dai la ile nusu iliyobaki katika Mahakama ya Mwanzo, na kijana akionekana apelekewe samansi. Asiporidhika na uamuzi ana siku thelathini za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu alipopata nauli.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya mirathi, na kwa nini kikao cha ukoo hakiwezi peke yake kumfanya mtu kuwa msimamizi wa mali ya marehemu.